Ombi la Kurudishiwa Ijumaa ya Magunzi

Ushirika wa Wakulima na Wafugaji Tuinuane,
Idara ya Stoo na Kompyuta,
Shanwe, Mpanda.

Ijumaa, 14 Machi 2025

Kumb. Na. TU/ST/KOMP/09

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,
Mama Josefina.
KWA MKONO

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SKRIPTI INAYOSASISHA KOMPYUTA BILA KUSINDIKIZWA NA MTU

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wajukuu, na kwamba mvua za wiki hii zimeuacha mpunga wako wa Mamba ukiwa bado umesimama. Mimi mwili hauna neno. Yenye neno ni mengine, na ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Kabla sijafika kwenye malalamiko yenyewe, niruhusu nijieleze, maana tangu ichaguliwe Bodi mpya hatujapata nafasi ya kuzungumza. Mimi ni Silvesta Manyanda, mtunza stoo wa Ushirika, na pia ni Kaimu Msimamizi wa Kompyuta tangu mwaka 2014. Ukaimu huo niliupata siku kompyuta tatu za kwanza zilipoletwa na lori la mbegu. Meneja aliuliza nani ana chumba chenye kufuli, nikanyoosha mkono, na mkono huo sijaushusha mpaka leo. Sasa kompyuta zimefika tisa. Nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma kila kitu ambacho mashine iliandika kwenye kioo, hata ilipoandika Kiingereza cha vitisho.

Kazi kubwa ya kuitunza kompyuta, Mama, ni kuisasisha. Vijana wanasema apdeti. Wanaotengeneza Windows kila mara hugundua kuna tundu mahali ambamo wezi wanaweza kupita, basi hutuma kiraka kwa njia ya intaneti. Kiraka kinashuka, mashine inajizima na kujiwasha, inaonyesha vidoti vinavyozunguka na asilimia zinazopanda, na inakuonya usiiguse. Ukiizima katikati inaweza isiamke tena. Kwa kuwa intaneti yetu ni ndogo, mashine tisa haziwezi kushusha viraka kwa mkupuo. Nikapanga ziende kwa zamu kila Ijumaa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana.

Nikabuni na alama. Mashine iliyo kwenye zamu niliiwekea gunzi la mahindi juu ya kibodi. Gunzi likiwa pale hakuna anayegusa, awe mhasibu, awe Meneja, awe mgeni kutoka mkoani. Mwenye meza anainuka na kwenda kukaa kwenye benchi la barazani mpaka mashine yake iwake. Ikiwaka, aliye karibu anapaza sauti, "Manyanda, imewaka!", nami nakimbia kuishughulikia. Baada ya mwaka mmoja niliona gunzi moja linachelewesha mambo, nikawa naweka magunzi tisa yote saa tatu kamili, ili mashine zinazosubiri zamu nazo zitulie. Kwa hiyo ofisi nzima ilikuwa benchini. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Ijumaa ya Magunzi, na wanachama kuanzia Kasokola hadi kwenu Mamba wanaijua.

Mwezi wa kumi mwaka jana Ushirika ukaajiri Afisa TEHAMA, binti anayeitwa Queen, mwenye shahada na mwenye adabu, anayesalimia watu kwa kupiga goti kidogo. Sina ugomvi naye. Aliniomba nimwonyeshe ninavyosasisha mashine, nikamwonyesha Ijumaa nzima. Alikaa na mimi kutoka gunzi la kwanza hadi la tisa, akaniuliza maswali mawili tu, akasema, "Asante mzee wangu, nimekupata." Jumatatu yake akakaa akaandika mistari kumi na tisa. Nimeihesabu mwenyewe.

Mistari hiyo ndiyo inaitwa skripti. Ni maagizo yaliyoandikwa kwenye faili moja, na faili hilo linaamka lenyewe bila kuitwa. Linazipitia mashine zote tisa, na likikuta ambayo haijaguswa kwa dakika ishirini linaishushia viraka vyake, linaizima, linaiwasha, halafu linaandika kwenye daftari lake kwamba kazi imekwisha. Mchana mtu akienda kula wali, akirudi mashine yake imeshasasishwa. Tangu mwezi wa kumi na moja gunzi halijawekwa juu ya kibodi yoyote katika ofisi hii.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Skripti haina ushirika. Inafanya kazi ndani ya Ushirika lakini haijawahi kumsalimia mtu, haijui nani anaumwa, na haiji msibani. Mwezi wa kwanza mhasibu wetu Pelagia alifiwa na mama yake mzazi. Tulifunga ofisi, tukaenda wote Kasokola kuzika. Tuliporudi kazini tulikuta skripti imeandika kwenye daftari lake kwamba siku ile ilikuwa nzuri kuliko zote tangu ianze: mashine tisa kati ya tisa, hakuna usumbufu wowote kutoka kwa watumiaji. Mama, sisi tulikuwa makaburini. Pelagia aliyasoma maneno hayo siku yake ya kwanza kurudi kazini, akiwa bado na kitambaa cheusi kichwani. Queen aliomba radhi kwa machozi, akasema mashine haijui. Hicho ndicho ninacholalamikia.

2. Skripti inatangaza mambo ya ndani ya mtu. Kila mwisho wa mwezi inatoa ripoti inayoonyesha mashine ipi imesasishwa vizuri na ipi imechelewa. Ripoti ya Desemba ilionyesha kwamba mashine yangu imeshika nafasi ya kwanza kwa asilimia mia moja, haikuchelewa hata siku moja. Ya Pelagia ilikuwa ya mwisho, asilimia kumi na moja. Katika kikao cha wafanyakazi Meneja aliisoma ripoti hiyo kwa sauti, watu wakapiga makofi, nikapewa saa ya ukutani yenye jina langu, na Pelagia akaambiwa aje kwangu ajifunze. Nilitoa neno la shukrani. Nilizungumzia bidii, nikazungumzia kujituma, nikawaasa vijana. Nilikuwa nimefika dakika ya kumi na moja Queen aliponyoosha mkono kwa heshima na kukumbusha kwamba skripti huichagua mashine ambayo haijaguswa kwa dakika ishirini, kwa hiyo inayosasishwa kuliko zote ndiyo inayoguswa kidogo kuliko zote. Ya Pelagia haikupata nafasi kwa sababu mwenyewe hainuki kitini. Saa haikuweza kurudishwa kwa kuwa jina limeshachongwa, basi imetundikwa stoo mbele ya meza yangu, na kila nikiinua macho inanitazama. Napenda ieleweke kwamba mimi kazi yangu nyingi iko kwenye magunia na mabomba ya kupulizia dawa, si kwenye kibodi. Lakini nani anataka kusikia hayo baada ya ripoti?

3. Wanachama wamepoteza benchi. Hili nakuomba ulisome kwa utulivu. Ijumaa ya Magunzi wafanyakazi walikuwa hawana kioo cha kutazama, basi walikuwa wanawatazama watu. Mwaka juzi Mzee Mwandu, mfugaji, alikuja kuulizia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Siku hiyo hiyo Amosi wa Kasokola alikuja kuulizia mbolea. Hao wawili walikuwa hawasalimiani, kwa kuwa ng'ombe wa Mwandu walikuwa wamelala kwenye mahindi ya Amosi, na kesi yao ilikuwa isikilizwe kwenye baraza la kata Jumanne inayofuata. Wote wawili waliambiwa wasubiri, mashine zina magunzi. Benchi ni moja. Specioza, karani wetu wa masjala, ambaye barua zote za Ushirika hupita mikononi mwake, alikaa katikati yao na kikapu chake cha karanga za kukaanga, akawa anamega huku na huku. Mashine ya kwanza ilipowaka walikuwa bado wamepeana migongo. Ya nne ilipowaka Mwandu alikuwa anaeleza kwamba hata yeye mchunga ng'ombe wake alimdanganya. Ya saba ilipowaka walikuwa wamekubaliana kwamba Mwandu atapeleka maksai wake wamlimie Amosi siku mbili, na Amosi ataacha kipito cha ng'ombe kwenda mtoni. Jumanne walikwenda baraza la kata pamoja kufuta kesi, na walipanda pikipiki moja.

Wiki iliyopita Mzee Mwandu alikuja Ijumaa, kwa mazoea. Alihudumiwa kwa dakika nne. Alisimama pale ukumbini akizungusha kofia mkononi, akaniambia, "Manyanda, siku hizi hapa ni migongo tu ya watu. Kumbe nyie mashine zenu zikiwa nzima hamtuoni?" Nilimpa mkono, akaondoka.

4. Hili nitalirudia. Nilipofika hapa nilisita kidogo nikitafuta namna ya kuliandika, na kabla sijaipata dakika ishirini zikawa zimepita, skripti ikadhani sipo, ikaizima mashine na kuisasisha mbele ya macho yangu. Nashukuru barua ilikuwa imehifadhiwa. Naendelea na la tano nikiwa nagusa kibodi muda wote.

5. Ofisi imepoteza neno la staha. Zamani mwanachama akija na swali gumu, kwa mfano kwa nini mbegu zimechelewa, aliambiwa, "Samahani, mashine zinasasishwa, njoo wiki ijayo." Nakiri kwamba maneno hayo yalitumika hata Jumatano. Lakini Mama, walau siku moja kwa wiki yalikuwa ya kweli, na ukweli wa siku hiyo moja ulikuwa unazisaidia siku nyingine nne. Sasa hayana ukweli siku yoyote. Meneja, mtu ninayemheshimu sana, mwezi uliopita alilazimika kumjibu mwanachama swali lake papo kwa papo, bila maandalizi. Alitoka pale amelowa jasho shati zima, na mbegu bado hazikuwa zimefika.

6. Kuna hatari kwa viongozi. Leo skripti imechukua kazi yangu ya Ijumaa, na mimi ni mtu mdogo. Queen ameniambia kwa furaha kabisa kwamba mistari mingine kumi inatosha kuandika orodha ya mahudhurio ya vikao, na mingine thelathini kuandaa muhtasari wa kikao kabla hakijafanyika, maana mihutasari yetu inafanana. Ikitoka hapo itamfikia Katibu, na kutoka kwa Katibu hadi kwa Mwenyekiti ni meza moja tu. Fikiri kanuni yake: kisichoguswa kwa dakika ishirini kinahesabiwa hakina mtu. Bodi, kwa heshima zote, haijakutana tangu Agosti. Sisemi zaidi. Nasema tu kwamba siku skripti itakapoigundua Bodi, itaizima na kuiwasha, na sijui itawaka na wajumbe wepi.

7. Magunzi tisa yameandikwa kwenye leja ya stoo kama vifaa vya TEHAMA. Mkaguzi akija atauliza yanatumikaje kwa sasa.

4. (linaendelea) Sasa nimefika mahali ambapo sina namba nyingine ya kujifichia.

Mama, mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Nyumba yangu ina bati jipya na redio nzuri, na nikitoka kazini naiwasha redio hata kabla sijavua viatu, kwa kuwa ndiyo pekee inayonisemesha. Specioza naye, kama unavyojua, alifiwa na mume. Siku zote za wiki yeye yuko nyuma ya dirisha la masjala na mimi niko stoo, na katikati kuna ukumbi mzima na mlango wa Meneja. Ila Ijumaa tulikuwa tunakaa benchi moja. Hatukuwa tunazungumza makubwa. Tulizungumza mvua, na wanawe wawili wanaosoma Sumbawanga, na namna ya kugeuza karanga zisiungue upande mmoja. Mimi kwa hizo saa chache nilikuwa naishi wiki nzima.

Mara tatu nilikusudia kumwambia. Mara ya kwanza nilifika kwenye "Specioza, mimi", mtu akapaza sauti, "Manyanda, imewaka!", nikakimbia. Mara ya pili, baada ya miezi mitatu ya kujipanga, nilifika kwenye "Specioza, mimi kwa muda mrefu", ikawaka ya Pelagia. Mara ya tatu nilifika hadi "Specioza, mimi kwa muda mrefu nimekuwa nikitaka", ikawaka ya Meneja mwenyewe, na ya Meneja haisubirishwi. Lakini unaona, Mama, nilikuwa nasonga. Kwa mwendo ule nilikadiria kwamba ikifika mwezi wa sita mwaka huu ningekuwa nimemaliza sentensi.

Ndipo skripti ikaja. Tangu mwezi wa kumi na moja sijakaa na Specioza hata dakika moja, maana sina sababu ya kwenda benchini, na mtu mzima hawezi kwenda kukaa benchini saa za kazi bila sababu. Namwona akipita na mafaili. Wiki iliyopita alipita mara mbili karibu na mlango wa stoo akiwa na kikapu, nikajifanya nahesabu magunia. Naumia, na sioni aibu kuliandika. Nakuomba tu suala hili liwe siri kati yako na mimi, lisimfikie mtu yeyote ofisini, na hasa lisimfikie mhusika.

Kutokana na hayo yote, naiomba Bodi yako ifanye yafuatayo, au lolote kati ya hayo:

(a) Skripti isimamishwe kazi mara moja na Ijumaa ya Magunzi irejeshwe.

(b) Ikiwa haiwezekani, basi skripti iwekwe chini ya usimamizi wangu, iwe inaniomba ruhusa kwa kila mashine, na mimi niwe na haki ya kufikiria.

(c) Ikiwa hilo nalo haliwezekani, intaneti ya ofisi ipunguzwe kasi. Zamani mashine moja ilichukua nusu saa. Naomba ichukue saa mbili, kwa kuwa yapo mambo yanayohitaji saa mbili.

(d) Ikishindikana pia, Ushirika ununue kompyuta nyingine ishirini, hata zikiwa mbovu. Zikiwa mbovu itakuwa vizuri zaidi.

(e) Na yote yakishindikana, iundwe kamati ya kuchunguza athari za skripti kwa jamii ya Mpanda, yenye wajumbe wawili, karani wa masjala na mtunza stoo, ikutane kila Ijumaa kwenye benchi la barazani, na isipewe tarehe ya kumaliza.

Niko tayari kufika mbele ya Bodi kulieleza jambo hili kwa mdomo, isipokuwa la nne, ambalo kwa mdomo halijawahi kunitoka.

Nisalimie wajumbe wote wa Bodi, wale wanaokuja vikaoni na wale wanaotuma udhuru. Nisalimie baba wa nyumbani kwako, wajukuu, jirani zako wa Mamba wote, na vijana wanaokusaidia kuamia ndege shambani. Mzee Mwandu naye anakusalimu, na anauliza mtamtazama lini.

Wako aliyebaki na magunzi,

(sahihi)
Silvesta Manyanda
Mtunza Stoo na Kaimu Msimamizi wa Kompyuta

Nakala:
Meneja (bila namba 4 na 5)
Afisa TEHAMA (bila namba 4)
Skripti (iwekwe kwenye folda yake, ijue)

Nyongeza, kwa mkono, baada ya barua kugongwa muhuri:

Mama, nakuandikia haya kwa kalamu, na uniwie radhi kwa mwandiko wangu. Nilisahau jambo moja dogo la utaratibu. Barua yoyote inayotoka katika Ushirika huu lazima ipite masjala, isomwe ukurasa kwa ukurasa, iandikwe kwenye rejista na kugongwa muhuri. Nimefanya kazi hapa zaidi ya miaka kumi na utaratibu huo naujua. Leo saa tatu nilimkabidhi Specioza barua hii kwa mikono yangu miwili, nikarudi stoo nikiwa nimetua mzigo. Nilikumbuka nilipokuwa nimeshakaa.

Hakuja saa tatu, hakuja saa nne. Nilikaa nikiitazama saa yenye jina langu. Saa tano aliingia na barua mkononi, ina muhuri kila ukurasa. Akaniambia, na nakunukulia bila kupunguza:

"Baba Manyanda, hilo la nne hukutakiwa kumwandikia Mwenyekiti. Mimi ile sentensi yako niliijua ilikokuwa inaenda tangu ile mara ya kwanza. Kila ukifika penyewe mashine inakuita, unaondoka mbio, unaniacha na karanga mkononi. Nikachoka. Mimi ndo niliyemwambia Queen: 'Mwanangu, hivi hamna namna hizi mashine zikajihudumia zenyewe, huyu baba naye apate kukaa chini?' Akasema ipo. Nikajua zikijihudumia utakuja. Wewe ukajifungia stoo miezi minne! Nimepita hapo mlangoni na kikapu mpaka watu wakaniuliza kama nauza. Nani alikwambia benchi ni la kompyuta?"

Mama, nilisimama. Hakuna aliyepaza sauti ukumbini, hakuna kilichowaka. Nikaisema sentensi yote kuanzia "Specioza" hadi mwisho, na ni fupi kuliko nilivyodhani. Amejibu kwamba wazee waende Mamba kwa kaka zake, na wasichelewe, maana kusubiri ameshasubiri.

Kwa hiyo naomba malalamiko namba 1, 2, 3, 5, 6 na 7 yahesabike kama hayakuandikwa, ingawa la Mzee Mwandu nimeanza kulishughulikia mwenyewe, na Ijumaa ijayo ataletewa kiti. Maombi (a) hadi (e) nayafuta. Skripti isiguswe na mtu yeyote, hasa mimi. Ningeandika barua mpya, lakini hii imeshapewa namba, na karani wa masjala amekataa kabisa kuifuta kwenye rejista. Amesema hii inakaa kwenye faili milele.

Badala ya hayo naomba mawili. La kwanza, wewe ni jirani wa kaka zake huko Mamba, basi nakuomba uwe mshenga wetu, na barua hii uichukue kama utambulisho. La pili, naomba likizo ya siku kumi na nne. Kompyuta zisikutie wasiwasi. Zote tisa ziko asilimia mia, na nimehakikisha kwamba hazinihitaji.

Naishia hapa, nimeitwa. Gunzi moja limetoka stoo leo na nimelitoa kwenye leja. Liko kwenye benchi la barazani, pembeni ya Specioza, mahali pa mtu mmoja, na kila anayetaka kukaa hapo anaambiwa asiliguse.